Tafuta kijiji kwanza: ukoo wa Kiitaliano unavyofuatiliwa na ndugu waliobaki wanavyopatikana

Wengi wanaotafuta asili yao Italia huanza na jina la ukoo. Wanaliandika mtandaoni, wanakuta maelfu ya watu wenye jina hilohilo kuanzia Torino hadi Palermo, wanawaandikia baadhi yao, hakuna anayejibu, na safari inaishia hapo. Jina peke yake halimfikishi mtu popote. Rossi, Russo, Ferrari na Romano ni majina yaliyochipuka mahali pengi, na wengi wanaoyabeba hawana undugu wowote. Kinachomfikisha mtu ni kijiji. Ukishakijua, kazi iliyobaki ni ya subira na macho makali. Usipokijua, hata ukimlipa mtafiti hodari atakurudishia swali lilelile: walitoka wapi hasa?

Sababu iko kwenye historia ya nchi yenyewe. Ufalme wa Italia ulitangazwa tarehe 17 Machi 1861. Veneto iliingia mwaka 1866, Roma mwaka 1870, na Trento na Trieste zikasubiri hadi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kabla ya hapo palikuwa na falme na dola mbalimbali, kila moja na desturi yake ya kuandika watu. Hata baada ya kuungana, daftari moja la taifa zima halikuwepo. Kuzaliwa, ndoa na kifo viliandikwa kwenye comune, yaani halmashauri ya mji au kijiji husika, na comune hizo leo ni karibu 7,900. Hakuna ofisi Roma unayoweza kuipelekea jina la babu wa babu yako ikakuletea faili lake.

Wanaotafuta nao ni wengi mno. Kati ya mwaka 1876 na 1976 Waitaliano wapatao milioni 26 waliihama nchi yao, wakaelekea Marekani, Argentina, Brazili, Ufaransa, Uswisi, Australia na kwingineko. Sehemu kubwa walirudi, lakini waliobaki ughaibuni wana wajukuu, vitukuu na vilembwe wanaohesabika kwa makumi ya milioni.

Kijiji kimeandikwa kule walikofikia

Ushauri wangu wa kwanza huwashangaza watu: usianzie Italia. Anzia pale mhamiaji alipofia, urudi nyuma hatua kwa hatua. Jina la kijiji karibu kila mara limo kwenye karatasi fulani ya nchi aliyohamia. Tatizo ni kujua karatasi ipi.

Kwa Marekani, vyeti vya kifo na orodha za sensa mara nyingi huandika "Italy" tu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema. Lakini orodha za abiria wa meli kuanzia mwaka 1907 zilimtaka kila mgeni ataje jina na anwani ya ndugu wa karibu aliyemwacha nyumbani. Kwenye mstari mmoja utakuta "baba", jina lake, na kijiji. Mbele kidogo kuna safu nyingine: anakwenda kwa nani, na huyo anakaa mtaa gani. Mstari huo mmoja unakupa ncha zote mbili za kamba, aliyebaki na aliyetangulia. Maombi ya uraia ya baada ya tarehe 27 Septemba 1906 nayo yana maelezo mengi kuliko yale ya zamani. Fomu za usajili wa jeshi za Vita vya Kwanza, na zile za mwaka 1942 zilizowahusu hata wazee, huweza kutaja mahali pa kuzaliwa. Fomu ya kujiunga na mfuko wa hifadhi ya jamii wa Marekani, iliyoanza mwaka 1936, ina jina la baba na jina la mama kama alivyoitwa kabla ya kuolewa. Tena usisahau parokia: padre Mwitaliano wa New York au Boston aliyefungisha ndoa mara nyingi aliandika bibi na bwana harusi walibatizwa wapi.

Kuna hadithi moja inayopoteza muda wa watu wengi, kwamba maofisa wa kisiwa cha Ellis, kituo cha kupokelea wahamiaji huko New York, waliwabadilishia wahamiaji majina. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1892, na maofisa wake hawakuwa wakiandika majina upya. Walikuwa na orodha iliyokwishaandaliwa na kampuni ya meli huko Napoli, Genova au Palermo, na kazi yao ilikuwa kumhoji abiria kwa kufuata orodha hiyo. Majina yalibadilika baadaye: shuleni, kazini, kwa mwenye nyumba, au kwa mhamiaji mwenyewe aliyechoka kusikia jina lake likiharibiwa. Kwa hiyo kwenye orodha ya meli tafuta jina la Kiitaliano, si lile la kaburini. Wanawake mara nyingi wamo kwa jina la ukoo wa baba zao hata kama walikwisha olewa. Brazili na Argentina jambo hili ni la wazi zaidi: Giuseppe akawa José, Giovanni akawa João au Juan, na jina la ukoo likaandikwa kama karani alivyolisikia. Wengi wa walioingia São Paulo walipitia Hospedaria dos Imigrantes, nyumba ya kupokelea wageni iliyofunguliwa mwaka 1887 na ambayo sasa ni makumbusho.

Kama karatasi zote ziko kimya, waangalie majirani. Waitaliano hawakuhama kama watu waliotawanywa na upepo. Alitangulia mmoja, akamvuta kaka yake, kisha shemeji, kisha nusu ya mtaa. Mji wa Roseto huko Pennsylvania ulijengwa na watu wa Roseto Valfortore, kijiji cha mkoa wa Foggia. Williamsburg, Brooklyn, watu wenye asili ya Nola, mji ulio karibu na Napoli, wameendelea kubeba mnara wa mtakatifu wao, San Paolino, kama unavyobebwa Nola kwenyewe. Chipilo, nchini Meksiko, ilianzishwa mwaka 1882 na watu wa Veneto, hasa wa Segusino, na mpaka leo wanazungumza lahaja ya Kiveneto. Ukijua makaburi yanayolizunguka kaburi la babu yako ni ya watu wa kijiji gani, na chama chao cha kuzikana na kusaidiana kilibeba jina la mtakatifu gani, umekaribia sana.

Angalia pia mtego wa mji mkubwa. Mtu wa Kibosho akiwa Dar es Salaam husema anatoka Moshi, na Mwitaliano naye alimwambia mgeni anatoka Cosenza au Palermo ilhali kwao ni kijiji cha mlimani. Zaidi ya hayo, majina yenyewe yalibadilika. Girgenti ikawa Agrigento mwaka 1927, Monteleone di Calabria ikawa Vibo Valentia, Castrogiovanni ikawa Enna. Basilicata iliitwa Lucania kati ya mwaka 1932 na 1947. Molise haikuwa mkoa unaojitegemea hadi mwaka 1963. Baada ya muungano, comune nyingi zilizofanana majina ziliongezewa neno la pili ili zitofautishwe. Na aliyezaliwa Trento kabla ya Vita vya Kwanza anaweza kuandikwa "Mwaustria" kwenye kila karatasi ya Marekani ingawa nyumbani kwao lugha ilikuwa Kiitaliano.

Njia moja nzuri isiyotumiwa vya kutosha ni madaftari ya jeshi. Kila mwanamume aliandikwa kwa mwaka wake wa kuzaliwa ili aitwe kupimwa afya, hata kama alikwisha ondoka. Madaftari hayo yametunzwa kwa wilaya za kijeshi, si kwa kijiji kimoja kimoja, hivyo ukijua mkoa na mwaka tu unaweza kumpata mtu wako: urefu wake, rangi ya nywele na macho, kazi yake, kama alijua kusoma, na pengine neno moja kwamba hakufika kwa sababu yuko ng'ambo.

Daftari lenyewe

Sasa umepata kijiji. Habari njema ni kwamba Italia imeweka mtandaoni, bila malipo, mamilioni ya kurasa za madaftari yake kupitia tovuti ya Antenati inayosimamiwa na idara ya nyaraka za taifa. FamilySearch, ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, nayo ni ya bure na imepiga picha madaftari mengi ambayo huenda Antenati hayapo.

Miaka inategemea eneo, na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: kusini, kulikokuwa na umaskini mkubwa zaidi, ndiko kwenye madaftari ya kiraia yasiyokatika. Napoleon na watu wake walileta utaratibu wa kuandika raia. Alipoanguka, sehemu nyingi za kaskazini ziliuacha na kurudisha kazi hiyo kwa mapadre, lakini Ufalme wa Napoli uliokuwa umeuanza mwaka 1809 uliendelea nao, na Sicilia ikaufuata mwaka 1820. Kwa taifa lote ulianza tarehe 1 Januari 1866, na Veneto mwaka 1871. Ukitaka kurudi nyuma zaidi, unakwenda parokiani. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, uliagiza mwaka 1563 kila parokia iandike ubatizo na ndoa, na vitabu vya vifo vikaagizwa mwaka 1614. Vingi ni vya Kilatini, na ni mali ya Kanisa. Ukikaribishwa kuvisoma umefanyiwa hisani.

Kila daftari la kiraia liliandikwa nakala mbili. Moja ilibaki kwenye comune, ya pili ikapelekwa mahakamani, na ikishatimiza miaka 70 huhamishiwa nyaraka za taifa za mkoa. Hiyo ya pili ndiyo unayoiona mtandaoni kwa kawaida. Faida yake ni kwamba moto au tetemeko likiharibu moja, nyingine huenda ikawa salama. Kasoro yake ni kwamba nyongeza za pembeni, zile zinazosema mtu huyu alioa mwaka fulani mahali fulani, huenda ziko kwenye nakala ya comune peke yake.

Tuseme umefungua ukurasa wa kuzaliwa wa mwaka 1882. Maneno ya fomu ni yaleyale nchi nzima. Mwaka, siku na saa vimeandikwa kwa maneno, si kwa tarakimu. Kisha fomu inasema: mbele yangu mimi, ofisa wa daftari la raia, amefika fulani, umri miaka 32, mkulima, mkazi wa hapa, akanieleza kwamba saa fulani ya usiku, katika nyumba iliyoko mtaa fulani namba fulani, kutoka kwa fulani, mke wake anayeishi naye, amezaliwa mtoto wa kiume ambaye ananionyesha na kumpa jina fulani. Mwisho kuna mashahidi wawili, na sentensi moja inayosema nani ametia saini na nani hakuweza kwa kuwa hajui kuandika.

Usiridhike na jina na tarehe. Umri wa baba unakuonyesha daftari la kuanza kumtafuta. Mtaa na namba vinakuwezesha kujua nyumba. Mama yupo kwa jina la ukoo wake mwenyewe, kwa sababu mwanamke wa Italia haandikwi kwa jina la mumewe. Hiyo ni zawadi kubwa, maana kila ukurasa unakufungulia koo mbili. Kisha tazama kineno kilicho kabla ya jina la babu. Kikiwa "di", babu huyo alikuwa hai siku ile. Kikiwa "fu", alikwisha fariki. Kwa kulinganisha kurasa mbili za watoto wawili, mmoja "di" na mwingine "fu", unaweza kubana mwaka wa kifo cha mtu ambaye hujaliona jina lake kwenye daftari la vifo.

Miezi nayo ina mtego. Makarani waliandika 7bre, 8bre, 9bre na 10bre kwa kifupi. 7bre si mwezi wa saba. Ni Septemba, kwa kuwa saba kwa Kiitaliano ni sette. 8bre ni Oktoba, 9bre ni Novemba na 10bre ni Desemba. Watu wengi wameandika tarehe za ndugu zao vibaya kwa kutojua hilo.

Majina ya kwanza yalifuata mila, hasa kusini: mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la baba wa baba, wa kwanza wa kike la mama wa baba, wanaofuata wakapewa majina ya upande wa mama. Mila hii inakusaidia kukisia majina ya mababu, lakini pia inakuchanganya. Kaka watano wakizaa, unapata Antonio watano wenye jina moja la ukoo, kijiji kimoja, na umri unaokaribiana. Watenganishe kwa jina la mama. Usimchukue Antonio kuwa wako mpaka mama yake athibitike.

Hazina iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni bunda la viambatisho vya ndoa huko kusini. Sheria ilidai idhini ya baba wa anayeoa. Kama baba amekufa, cheti chake cha kifo kiletwe, na babu ndiye atoe idhini. Kama babu naye amekufa, cheti chake pia kiambatishwe. Kwa hiyo ndoa ya mwaka 1825 inaweza kuwa na karatasi ya mtu aliyekufa miaka ya 1790, iliyonakiliwa na padre kutoka kitabu cha parokia ambacho huenda leo hakipo. Mtafutaji anafungua ndoa moja na kupata vizazi vitatu. Na kwa Ufalme wa Napoli kuna daftari la kodi la miaka ya 1740, catasto onciario, linalotaja kila kaya, umri wa kila mtu, ardhi na mifugo yao.

Kuna pia ukoo unaoishia ukutani, na ni haki mtu ajue mapema. Esposito kwa Napoli, Innocenti kwa Firenze, Proietti kwa Roma, Colombo kwa Milano ni majina waliyopewa watoto walioachwa kwenye nyumba za kulelea. Annunziata ya Napoli ilikuwa na pipa la mbao linalozunguka ukutani. Mama alimweka mtoto kwa nje, akalizungusha, akaondoka bila kuonekana. Lilifungwa mwaka 1875. Si kila Esposito wa leo ana babu wa karibu aliyeachwa hivyo, lakini ukimfikia mtoto mwenyewe daftarini, utakuta saa aliyopokelewa na nguo alizovaa, na pengine alama aliyoachiwa, nusu ya medali au kipande cha utepe, ili mama akirudi amtambue. Wazazi hawamo.

Kupanda unawapata wafu, kushuka unawapata walio hai

Hapa ndipo wengi hukwama hata baada ya kufanya kazi nzuri. Wana mti wa ukoo unaofika mwaka 1720 lakini hawamjui ndugu hata mmoja aliye hai. Ni kwa sababu wamekuwa wakipanda tu, baba, babu, baba wa babu. Ndugu walio hai hawako juu; wako pembeni na chini. Mchukue mhamiaji wako, watafute kaka na dada zake wote, ujue nani alibaki, kisha uteremke na watoto wa huyo aliyebaki.

Karatasi ya kukusaidia inaitwa stato di famiglia storico, orodha ya kaya kama ilivyokuwa wakati ule. Hutolewa na anagrafe, yaani ofisi ya comune inayoandikisha wakazi. Inaweza kumwonyesha baba, mama na watoto wote, nani alihama, nani aliolewa akahamia kaya gani. Andika kwa Kiitaliano, kwa ufupi, ukitaja majina kamili, tarehe na uhusiano wako. Comune ndogo ina mtumishi mmoja au wawili, na wamelemewa na maombi ya watu wanaotaka uraia. Tangu mwaka 2025 sheria inaziruhusu comune kutoza hadi euro 300 kwa cheti cha mtu mwingine kilichopita miaka mia, hivyo uliza gharama kabla ya kuagiza, na kilicho bure mtandaoni ukichukue huko.

Kwa miaka 70 ya karibuni, faragha inafunga mlango. Usitarajie ofisa akutafutie anwani za watu walio hai. Kuanzia hapo unategemea watu: padre wa parokia, chama cha kijiji kiitwacho Pro Loco, makundi ya kijiji kwenye Facebook, kitabu cha simu. Mnara wa waliokufa vitani, ulioko karibu kila uwanja wa kijiji, unakuonyesha majina ya koo zilizokuwepo mwaka 1915. Makaburini usitarajie kumkuta babu wa mwaka 1890. Waliozikwa ardhini hufukuliwa baada ya miaka kumi na mifupa kuhifadhiwa pamoja. Lakini makaburi mapya yana picha na majina, na anayeweka maua pale tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, huenda ndiye unayemtafuta.

Kipimo cha DNA kinasaidia, ila kwa kiasi chake. Waitaliano walioko Italia hupima kwa uchache, hivyo wengi utakaolingana nao ni wahamiaji wenzako wa Marekani au Argentina. Usidharau hilo: binamu wa Buenos Aires anaweza kuwa na barua ambazo upande wenu ulizitupa. Vitukuu wa mtu mmoja karibu daima hulingana kwenye kipimo. Vilembwe wake, takriban mmoja kati ya kumi halingani kabisa ingawa undugu ni wa kweli. Kizazi kinachofuata, karibu nusu hawaonekani. Na kwa kijiji cha mlimani ambacho watu walioana wao kwa wao miaka mia tatu, namba hupanda, na mtu wa mbali huonekana wa karibu. Karatasi na damu visomwe pamoja.

Pale sheria ilipokataza karatasi isiandikwe

Kuna watu wa asili ya Kiitaliano ambao maelezo yote ya hapo juu hayawatoshi, nao wako karibu nasi. Italia ilitawala Eritrea tangu mwaka 1890, ikashika sehemu kubwa ya Somalia pamoja na Barawa, mji wa Wabarawa wenye lahaja yao ya Kiswahili, na ikaikalia Ethiopia kuanzia mwaka 1936 hadi 1941. Maelfu ya watoto walizaliwa na baba Waitaliano na mama Waafrika. Tarehe 19 Aprili 1937 serikali ya kifashisti ilitoa amri ya kumfunga Mwitaliano aliyeishi kinyumba na mwanamke wa koloni, kifungo cha mwaka mmoja hadi mitano. Mwaka 1940 ikaongeza sheria iliyomkataza baba kumtambua mtoto wake. Sheria hiyo ilifutwa baada ya vita, lakini wengi wa akina baba walikwisha rudi kwao, wamekufa au wako kizuizini, na watoto wakakulia kwa mama zao au kwenye vituo vya misheni.

Mzao wa watu hawa hakosi karatasi kwa uzembe wa babu zake. Alinyimwa na dola. Kwake DNA ndiyo njia kuu, na hapo mlingano hata wa mbali na mtu mwenye kijiji kinachojulikana una thamani kubwa. Njia ya pili ni jeshi: kama mama au bibi alikumbuka jina, cheo, kikosi au kazi, rekodi ya askari huyo inaweza kuwa kwenye nyaraka za taifa za mkoa alikozaliwa.

Makumi ya maelfu ya Waitaliano waliotekwa Afrika Mashariki waliletwa Kenya. Kanisa dogo lililoko kwenye mteremko wa Mai Mahiu walilijenga wao mwaka 1942, na Nyeri kuna kanisa la ukumbusho lenye mabaki ya wenzao pamoja na kaburi la Amedeo, Duke wa Aosta, aliyefia Nairobi Machi 1942. Familia za Italia bado huwatafuta mababu zao huko. Wizara ya Ulinzi ya Italia ina orodha ya mtandaoni ya waliokufa vitani na mahali walipozikwa, na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu huko Geneva ina kumbukumbu za mateka.

Uraia ni jambo jingine

Nimeliweka mbali makusudi, kwa kuwa watu hulichanganya na ukoo. Kwa miaka mingi Italia ilimhesabu mzao wa Mwitaliano kuwa raia bila kikomo cha vizazi, mradi mnyororo haukukatika kwa babu kuchukua uraia wa nchi nyingine kabla mtoto wake hajazaliwa. Wanawake walihesabiwa kupitisha uraia kwa watoto waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1948 tu, na wa kabla ya hapo wakalazimika kwenda mahakamani. Tarehe 28 Machi 2025 serikali ilibadilisha mambo kwa amri iliyothibitishwa na sheria namba 74 ya Mei mwaka huo. Sasa aliyezaliwa nje na mwenye uraia mwingine kwa kawaida anahitaji mzazi, au babu au bibi, aliyekuwa na uraia wa Italia peke yake. Mjukuu bado ana nafasi. Kitukuu kwa kawaida hana. Waliowasilisha maombi kabla ya hapo wanafuata sheria ya zamani.

Anayetafuta pasipoti ashughulike na wakili. Ndugu hawahitaji sheria namba 74.

Barua ya kwanza

Umempata: bibi wa miaka 78, mjukuu wa kaka wa mhamiaji wako, anaishi kijijini kulekule. Mwandikie barua ya karatasi, kwa Kiitaliano cha heshima, "Gentile Signora" (Mheshimiwa Bibi), na umtaje kwa "Lei", yaani "wewe" ya heshima. Jitambulishe kwa sentensi moja. Sentensi ya pili itaje ndugu wawili, aliyeondoka na aliyebaki, kwa majina yao, wazazi wao na mwaka wa kuzaliwa. Weka nakala ya ukurasa wa daftari, mchoro mfupi wa mistari miwili tu, mmoja unaoshuka hadi kwake na mwingine hadi kwako, na picha moja ya zamani. Mti mzima wa watu mia nne ubaki nyumbani.

Kisha sema wazi kwamba hutafuti mali. Ardhi ya vijijini Italia mara nyingi imegawanyika kwa warithi ambao hawakuandikishana, na jamaa anayetokea Marekani ghafla baada ya miaka mia anaweza kudhaniwa amekuja kudai shamba la mizeituni. Woga huo una msingi. Uondoe mapema, kwa maneno yasiyozunguka.

Uliza swali moja ambalo ni rahisi kujibu: je, anamkumbuka mtu yeyote nyumbani akimzungumzia ndugu aliyekwenda ng'ambo? Usiulize magonjwa ya ukoo, usimwombe apime DNA, usimwambie unakuja mwezi ujao. Usiandike kuelekea Agosti, nchi ikiwa likizoni. Kama miezi mitatu imepita kimya, mtafute mtoto au mjukuu wake, umtumie picha ileile, umwombe amwonyeshe bibi. Kijana ndiye anayefungua ujumbe, lakini bibi ndiye anayewajua waliomo kwenye picha.